Kidirisha Kikikorofisha, Usikubali Kompyuta Ifutwe

Katika kambi moja ya askari kaskazini mwa Uganda anaishi mama mmoja, mke wa sajini, ambaye mumewe yuko kazini mbali na nyumbani. Mama huyu ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama 28 wanaoweka akiba pamoja na kulima ufuta. Hesabu zote za kikundi, tangu shilingi ya kwanza iliyotolewa, zilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani ambayo sajini aliinunua ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Hapakuwa na nakala mahali pengine popote, si katika daftari wala katika flashi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2025 kijana wao wa sekondari aliihamisha kompyuta hiyo kutoka mfumo wa Windows 10 na kuitia Windows 11. Hakukosea. Kampuni ya Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyoandikishwa katika mpango maalumu wa nyongeza haipati tena viraka vya kuziba mianya ambayo wezi huingilia. Mabadiliko yalimalizika salama na faili zote zikabaki mahali pake. Ila katika pembe ya chini ya skrini, upande wa kushoto, kilitokea kitu kipya: picha ya wingu, matone ya mvua na nambari ya joto. Mama alikifurahia sana, kwani ulikuwa ndio wakati wa kuanika ufuta, na ufuta ukilowa hubadilika rangi na bei yake hushuka.

Siku mbili mfululizo kidirisha kile kilionyesha mvua. Siku zote mbili mama aliwaagiza wenzake wakunje maturubai na kuingiza ufuta ndani, na siku zote mbili jua liliwaka tangu asubuhi hata magharibi. Siku ya tatu alikibonyeza apate kuona hiyo mvua ni ya wapi. Ulifunguka ukurasa mtupu wenye rangi ya kijivu, na kiduara kikizunguka katikati bila kukoma. Akaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi aliitazama kitambo kidogo akasema kwamba mfumo umeoza, hivyo hapana budi kompyuta yote ifutwe na kupakiwa upya, kwa malipo ya shilingi 70,000.

“Na hesabu za kikundi?” mama akauliza.

Fundi akajibu kwamba kila kitu kitaanza upya. Mama akaifunga mashine yake katika khanga, akapanda bodaboda, na jioni ile akabisha hodi kwangu.

“Mzee,” alisema, “niambie kweli. Mashine hii imekufa?”

“Mama, mashine iliyokufa haiwaki,” nilimjibu.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa simu ya upepo, na kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo askari yeyote wa mawasiliano atalikubali: simu isiposikika huanzi kufungua simu yenyewe. Hutazama betri kwanza, kisha waya, kisha eriali, kisha masafa uliyoyategesha. Mara nyingi kosa hupatikana kabla hujafika kwenye chombo. Kidirisha cha kompyuta kina tabia hiyo hiyo, nami nitaeleza kwa nini.

Kabla ya yote, tulichomeka flashi na kunakili faili za hesabu. Jambo hili halikuchukua hata dakika 5. Kama fundi yule angelifanya hivyo kabla ya kutaja neno la kufuta, mimi nisingeliandika makala haya.

Sasa tueleze kidirisha chenyewe, ambacho waundaji wake hukiita wijeti. Wazo hili si geni. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984 ilikuwa na vikorokoro vya mezani kama kikokotoo na saa. Mwaka 2005 kampuni ya Apple ilileta ubao mzima wa vidirisha ulioitwa Dashboard, kisha ikauondoa katika mfumo wake wa mwaka 2019. Windows Vista na Windows 7 nazo zilikuwa na vidirisha vyake pembeni mwa skrini, lakini mwezi wa Julai 2012 Microsoft yenyewe iliwashauri watu wavizime, kwa kuwa ilionekana kwamba mtu mbaya angeweza kuvitumia kama mlango wa kuingilia katika mashine. Mpaka leo wapo watu mitandaoni wanaowapa wengine programu za kuvifufua vidirisha vile vya zamani. Usizipokee.

Vidirisha vya Windows 11 ni vya namna nyingine. Ukivitazama utadhani ni sehemu ya kompyuta yenyewe, kama kitufe au saa. La. Kila kimoja ni ukurasa mdogo wa intaneti uliovalishwa sura ya mfumo, na nyuma yake zipo sehemu kadhaa zinazotegemeana. Upo mfumo wa Windows. Upo mfuko wa programu uitwao Windows Web Experience Pack, ambao haufiki pamoja na mfumo kila mara bali husasishwa kwa kupitia duka la programu la Microsoft Store. Ipo injini ya kuonyesha kurasa iitwayo WebView2, ambayo ni ndugu wa kivinjari cha Edge nayo ina ratiba yake yenyewe. Mwisho kuna intaneti yako. Mfumo ukibadilishwa leo, sehemu nyingine zinaweza kubaki nyuma kwa siku kadhaa. Matokeo yake ni kama kikosi ambacho kamanda wake amekwisha vuka mto na wapishi wangali ng’ambo: hakuna aliyekufa, lakini chakula hakiliki.

Ndiyo maana ukurasa mtupu wa kijivu haumaanishi kwamba kompyuta imeoza. Faili zako haziko ndani ya kidirisha, wala kidirisha hakizigusi.

Tulianza na yaliyo nje. Je, intaneti ipo? Tulifungua ukurasa mwingine katika kivinjari, ukafunguka. Je, saa na tarehe ni sahihi? Zilikuwa sahihi, lakini nawaomba wasomaji wenye kompyuta za mezani zilizozeeka wasilipuuze swali hili. Ndani ya mashine hizo kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikiisha nguvu, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na kurasa salama za intaneti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vina tarehe. Hapo si kidirisha tu kitakachogoma. Dawa yake ni betri mpya aina ya CR2032, na baadaye kuirekebisha tarehe.

Kisha nilimwuliza mama kama amekwisha kuizima kompyuta na kuiwasha. Alisema amefanya hivyo kila siku. Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kompyuta nyingi zimewekewa njia ya kuamka haraka: ukiizima kwa kuchagua Shut down, kiini cha mfumo huhifadhiwa katika diski kama kilivyo na kesho yake hurudishwa kama kilivyokuwa, pamoja na ukorofi wake. Ukichagua Restart, kiini hupakiwa upya tangu mwanzo. Kwa hiyo kuizima usiku na kuiwasha asubuhi kwaweza kuwa dawa dhaifu kuliko kubonyeza Restart mara moja. Mama hakuwa amebonyeza Restart tangu siku mfumo ulipobadilishwa.

Tulibonyeza. Kompyuta iliporudi, tulishika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi W, ambayo ni njia ya mkato ya kufungua ubao wa vidirisha. Kiduara kiliacha kuzunguka, ila ubao ulibaki mtupu. Basi tukapiga hatua ya pili. Tuliingia Settings, tukafuata Personalization, kisha Taskbar, tukazima swichi ya Widgets na kuiwasha tena. Hapakuwa na badiliko, nami sikulitarajia. Ni jambo la kujaribu kwa sababu halina gharama.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoleta nuru. Tulifungua Microsoft Store, tukaenda mahali panapoonyesha programu zilizopakuliwa na zinazongoja kusasishwa, tukaagiza zote zitazamwe. Miongoni mwao ulikuwamo mfuko ule wa Windows Web Experience Pack, umekaa ukingoja. Kijana alikuwa ameiwekea kompyuta amri ya kubana matumizi ya intaneti, kwani wanatumia bando la simu, na amri hiyo huzuia masasisho mengi yasishuke yenyewe. Tuliruhusu ushuke, tukabonyeza Restart mara nyingine, na ubao ukajaa: hali ya hewa, habari, matokeo ya mpira.

Laiti hatua hiyo ingeshindikana, tungerudi Settings, tukaingia Apps na orodha ya programu zilizomo, tukatafuta Microsoft Edge WebView2 Runtime, tukachagua kuibadili na hapo kuiagiza ijitengeneze. Kazi hiyo nayo haifuti barua wala picha. Na ikiwa hata hiyo imegonga mwamba, yafaa kukumbuka kwamba mara nyingine kosa ni la kiwanda. Mwaka 2021 Microsoft ilipoleta kidirisha cha habari na hali ya hewa katika Windows 10, baadhi ya watu waliona maandishi yenye ukungu, wakahangaika na miwani na nyaya. Kosa lilikuwa katika programu, na lilirekebishwa kwa sasisho lililofuata. Nyakati kama hizo anayezima kidirisha na kungoja hupata matokeo mazuri kuliko anayepiga nyundo.

Ubao ulipojaa ndipo mama alipopata jibu la mvua yake. Juu ya kadi ya hali ya hewa paliandikwa: Kampala.

Kampala iko zaidi ya kilometa 300 kutoka kambini kwetu, na mvua yake ina majira yake. Kompyuta ya mezani haina chombo cha kujua ilipo kama simu ya mkononi. Isipoambiwa, hukisia kwa anwani ya intaneti inayotumia, na mara nyingi anwani hiyo huonekana kana kwamba iko katika mji ambao kampuni ya simu ina mitambo yake. Kidirisha hakikusema uongo. Kilisema kweli ya mahali pengine.

Kijana, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma yetu, alipendekeza tuwashe huduma ya kutambua mahali ili mambo yaende yenyewe. Nilimkataza, na hapa nazungumza na askari, polisi na jamaa zao hasa. Mwezi wa Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, yenye kukusanya njia za watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imechora waziwazi mizunguko ya askari ndani ya kambi zao katika nchi za vita. Hakuna aliyewapeleleza, walijichora wenyewe kwa saa walizovaa mikononi. Kidirisha cha hali ya hewa hakihitaji kujua nyumba yako ni ya ngapi. Kinahitaji jina la mji tu. Bonyeza nukta tatu katika pembe ya kadi, chagua kuirekebisha, uandike mji kwa mkono. Huduma ya kutambua mahali, iliyomo katika Settings chini ya Privacy & security, iache imezimwa.

Habari na picha zinazojaza ubao ule nazo hula bando, na nyingi ni porojo za waigizaji wa ng’ambo. Asiyezitaka azime kidirisha kizima, na kompyuta haitapungukiwa na kitu. Hata kumbukumbu ya mashine itapumua, hasa kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4 tu, ambacho ndicho kiasi cha chini kinachokubaliwa na Windows 11. Mama alichagua kukibakiza kwa sababu ya ufuta.

Aliandika jina la mji wetu kwa kidole kimoja, polepole. Wingu likatoweka, likatokea jua na nyuzi 31. Kesho yake maturubai yalitandikwa tena. Alitaka kunilipa, nikakataa. Badala yake nilimwomba anunue flashi ya pili, na kila mwisho wa mwezi anakili hesabu humo. Flashi hiyo sasa inakaa katika sanduku la bati la kikundi, lile lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake huwekwa na akina mama watatu mbalimbali.