Ushindi wa Julai Hupangwa Januari

Katika soka, kikosi kilichoshinda Jumamosi kinaweza kurudishwa uwanjani Jumamosi inayofuata na kushinda tena. Mbio za baiskeli haziendi hivyo. Aliyeng'ara Aprili anaweza kuwa mzigo kwa wenzake ifikapo Julai, na hakuna ari itakayomrudishia miguu yake mpaka apumzike. Ukweli huo ndio moyo wa Pro Cycling Manager, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Cyanide ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2001 kwa jina la Cycling Manager na ambao hutolewa toleo jipya kila mwaka. Mchezaji ndiye meneja wa timu. Anasajili, analipa mishahara, anapanga mazoezi na anatoa amri mbio zikiendelea. Lakini kazi kubwa kuliko zote huifanya mwanzoni kabisa, anapoketi mbele ya kalenda tupu na kuamua nani akimbie wapi.

Kalenda yenyewe haina huruma. Msimu hufunguliwa Australia mwezi Januari. Machi kuna Milan–San Remo, mbio za siku moja zenye urefu unaokaribia kilomita 300. Aprili huja barabara za mawe za Flanders na Paris–Roubaix, kisha vilima vya Liège. Halafu zinafuata mbio kuu tatu, kila moja ikiwa na hatua 21: Giro ya Italia mwezi Mei, Tour de France mwezi Julai, na Vuelta ya Hispania kuanzia Agosti hadi Septemba. Timu kubwa huwa na watu wapatao 30, na mbio kuu huchukua 8 tu kati yao. Mara nyingi wiki hiyo hiyo kuna mbio nyingine mbili, katika nchi nyingine, nazo zinataka watu.

Ndani ya mchezo kila mwendesha baiskeli ana alama zake: za milima, za tambarare, za mawe, za kasi ya mwishoni, za mbio dhidi ya saa, hata za kurejesha nguvu baada ya siku ngumu. Juu ya alama hizo kuna fomu, inayopanda na kushuka kadiri anavyofanya mazoezi, anavyoshindana na anavyopumzika. Meneja anachagua kilele kiangukie wapi, na kilele hakidumu. Kwa hiyo ratiba nzuri huandikwa kinyumenyume. Unaanza na siku unayoitaka zaidi, kisha unarudi nyuma: kambi ya mazoezi, mbio ndogo ya kujipima, mapumziko, mpaka ufike Januari. Wadhamini nao wana malengo yao, na ukiwaangusha imani yao hupungua, na pesa pia.

Mfano bora wa ratiba ya namna hiyo haumo kwenye kompyuta. Ni ule wa mwendesha baiskeli Tadej Pogačar mwaka 2024. Alitaka kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Marco Pantani mwaka 1998. Kabla ya Giro alishindana siku 10 tu: Strade Bianche, Milan–San Remo, mbio za siku saba za Catalunya, na Liège. Flanders, mbio alizokuwa ameshinda mwaka uliotangulia, aliziacha kabisa. Giro iliisha Mei 26, Tour ikaanza Juni 29, na alizitwaa zote mbili. Watu husifu miguu yake, na ni haki yao. Mimi nasifu zaidi ule uamuzi wa kubaki nyumbani wakati wenzake wakigombea mawe ya Flanders.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, naye alijaribu kushinda Giro na Tour mwaka mmoja, 2018. Alishinda Giro, lakini kwenye Tour akamaliza wa tatu. Mshindi alikuwa Geraint Thomas, mwenzake wa timu moja. Timu iliyopanga vizuri haibaki mikono mitupu kiongozi anapochoka.

Kuwapangia nyota ni rahisi. Ugumu uko kwa wasaidizi, wale wanaobeba chupa za maji na kukata upepo ili kiongozi ajifiche nyuma yao akihifadhi nguvu. Majina yao hayasomwi jukwaani. Meneja mwenye haraka huwajaza kila penye nafasi, Ubelgiji leo, Uswisi wiki ijayo, kwa sababu lazima kila mbio ipate watu. Julai inapofika, kiongozi yuko kileleni mwa fomu yake lakini mlima wa kwanza ukianza anabaki peke yake, kilomita 60 kabla ya mstari wa mwisho. Kwa maoni yangu Tour nyingi za mchezo huu hupotea hapo. Ratiba ya msaidizi inastahili uangalifu ule ule anaopewa nyota.

Septemba 2025 uamuzi wa nani akimbie wapi uliigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika: kilomita 267.5 za vilima kwa wanaume. Mpinzani wa Pogačar, Jonas Vingegaard, alikuwa amechagua Vuelta, akaishinda, na Kigali hakwenda. Pogačar aliiacha Vuelta, akajipima kwenye mbio mbili za siku moja nchini Kanada, kisha akaja Rwanda na kutwaa ubingwa. Waliomaliza walikuwa 30 tu.

Anayetaka kuanza mchezo huu achukue timu ndogo, isiyo na nyota hata mmoja. Aandike mbio tatu anazozitaka kwa dhati, awapumzishe wasaidizi wake kabla ya kila moja, na nyingine zote akubali kuzipoteza. Kisha Julai awashe televisheni na aitazame Tour yenyewe. Ataanza kumtazama yule anayevuta kundi mbele, si yule kiongozi aliyevaa jezi ya njano pekee.