Tangi la Matumbawe Nyumbani: Maji Ndiyo Mfugo wa Kwanza

Matumbawe ni wanyama wadogo wa baharini waishio kwa makundi na kujenga mifupa migumu ya chokaa, na kwa kuwa yamezoea bahari ambayo joto na chumvi yake havibadiliki ghafla, anayetaka kuyafuga katika tangi la kioo hulazimika kuyatunza maji kabla ya kufikiria viumbe watakaokaa humo.

Maji hayo hutengenezwa kwa kuyeyusha chumvi maalumu ya matangi, yenye madini mbalimbali ya bahari, katika maji yaliyochujwa kwa utando laini sana, kwani maji ya bomba huweza kuwa na klorini, fosfati au shaba, na shaba, hata ikiwa kidogo, huua matumbawe na kamba. Kiwango kinachofaa ni takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita, na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selisiasi, huku pampu zikisukuma maji bila kukoma.

Hata hivyo, maji safi peke yake hayatoshi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi katika vitundu vya mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kuongezeka vya kutosha, na samaki hawapaswi kuingizwa mpaka vipimo vionyeshe kwamba amonia na nitriti zimekwisha.

Taa nayo ina kazi kubwa kuliko kupendezesha sebule, kwa sababu ndani ya tishu za matumbawe mengi huishi mwani wa chembe moja ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na matumbawe hupauka.

Katika matunzo ya kila siku, kosa linalofanyika kwa urahisi ni kufidia maji yaliyokauka kwa maji ya chumvi, ilhali kinachopaa hewani ni maji tu na chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 10, kisha likajazwa kwa maji ya chumvi, kiwango hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37 kwa lita. Ndiyo maana hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi hadi kwenye alama iliyowekwa kiooni. Maji ya chumvi hutumika pale tu sehemu ya maji, kwa kawaida asilimia 10 kila wiki moja au mbili, inapotolewa na kubadilishwa ili kupunguza nitrati. Kalsiamu nayo hupimwa na kuongezwa, ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kwa kuwa matumbawe huimaliza kadiri yanavyokua.

Mwisho, umeme ukikatika pampu husimama na oksijeni hupungua majini, hivyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inunuliwe mapema, kabla ya samaki wa kwanza.