MVUMO WA GURUDUMU: MAANA YAKE NA JINSI YA KUUTAMBUA

Wasomaji wetu, wengi wenu mmepata kupanda basi au lori katika barabara za Mkoa wa Singida, mkasikia chini ya miguu mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Gari likienda polepole mvumo ni mdogo, likienda mbio huzidi, likisimama hunyamaza. Mmoja husema, “Ni tairi tu”. Mwingine husema, “Ni barabara”. Na safari huendelea. Pengine ni kweli. Lakini pengine mvumo ule ni sauti ya beringi iliyochakaa, na beringi ikivunjika gari likiwa mwendoni, gurudumu laweza kukwama ghafula au kuchomoka. Kwa hiyo twapenda kueleza jambo hili, ili kila mwenye gari, na kila abiria pia, ajue kuupambanua mlio wa hatari na mlio usio na hatari.

BERINGI NI KITU GANI

Gurudumu huzunguka, lakini ekseli yake imefungwa kwenye gari. Kama chuma kingesuguana na chuma, vyote viwili vingepata moto na kulika upesi. Basi katikati huwekwa beringi, nayo ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na baina yao zimepangwa gololi za duara, au vipande vya mviringo mfano wa pipa dogo. Vitu hivyo havisuguani sana, bali hubingirika, na grisi huvilainisha.

Hekima hii si ya jana. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, katika nchi ya Wales, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kutia gololi katika ekseli za magari ya kukokotwa. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis, Marekani, alipewa hati kwa ajili ya beringi yenye vipande vilivyochongoka upande mmoja, iwezayo kuhimili uzito wa mzigo pamoja na msukumo wa kona. Beringi za namna hiyo hutumika hata leo katika malori mengi.

Fikirini kazi yake. Gurudumu la motokaa ndogo lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 katika kila kilomita. Toka Singida mpaka Dodoma ni kadiri ya kilomita 240. Basi katika safari hiyo moja huzunguka mara 120,000, hali limebeba sehemu yake ya uzito wa gari.

KWA NINI HUHARIBIKA

Adui wa kwanza ni vumbi na mchanga. Beringi ina kizuizi cha mpira, mafundi wakiitacho sili. Sili ikichanika, vumbi la njia zisizo na lami huingia na kuchanganyika na grisi, na grisi ile huwa kama jiwe la kunolea. Mama asagaye uwele ajua jinsi chembe moja ya mchanga inavyoharibu unga. Ndivyo ilivyo kwa beringi.

Adui wa pili ni maji. Wakati wa mvua gari huvuka makorongo, na maji yakipenya ndani huleta kutu. Wa tatu ni mzigo kupita kiasi, kama ilivyo desturi ya wengine msimu wa alizeti, wapakiapo magunia ya lumbesa mpaka springi zikalala. Wa nne ni mashimo, ambayo hupiga gololi juu ya pete kama nyundo juu ya fuawe. Wa tano ni fundi asiye mwangalifu, akazaye nati mno au kuiacha imelegea.

KWA NINI HUVUMA

Chukua kitana, upitishe kijiti polepole juu ya meno yake: utasikia ta, ta, ta. Upitishe upesi: hutasikia tena mapigo mbalimbali, bali mvumo mmoja. Beringi nayo ni vivyo hivyo. Uso wa pete ukibanduka magamba, hubaki vishimo. Kila gololi ikipita juu ya kishimo hugonga kidogo. Gurudumu likienda mbio, mapigo hayo huwa mengi sana kwa kila sekunde, na sikio huyasikia kuwa mvumo. Nao mwili wa gari huyapokea kuwa mtetemo. Ndiyo sababu mlio hufuata mwendo wa gurudumu, wala haufuati mwendo wa injini.

JINSI YA KUTAMBUA

Kwanza, tenga injini. Mahali tambarare pasipo na magari mengine, dereva akiwa katika mwendo wa kiasi, na apunguze mafuta na kubadili gia. Mlio ukibadilika pamoja na injini, kosa si la gurudumu. Mlio ukibaki vilevile, ukapungua tu kadiri gari linavyopunguza mwendo, tazama magurudumu. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye mteremko.

Pili, tenga tairi. Mlio wa tairi hubadilika sana barabara ikibadilika, yaani toka lami laini kwenda lami yenye kokoto. Mlio wa beringi haubadiliki sana. Tena pitisha kiganja juu ya tairi gari likiwa limesimama: ukikuta limelika kama meno ya msumeno, huenda ndilo livumalo. Badilisha tairi la mbele na la nyuma. Mlio ukihama pamoja nalo, kosa ni la tairi. Na usukani ukitetemeka kwa mwendo fulani tu, kisha ukatulia mwendo ukizidi, bila mvumo wowote, yaelekea ni tairi lisilosawazishwa uzito.

Tatu, sikiliza katika kona. Basi likikata kushoto, abiria wote hulalia kulia. Uzito wa gari nao huhamia magurudumu ya kulia. Basi mvumo ukizidi gari likikata kushoto, mara nyingi beringi mbovu ni ya kulia. Ukizidi likikata kulia, ni ya kushoto.

Nne, pima joto. Baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi bila kufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, usiguse kwa haraka, usije ukaungua. Kitovu kilicho na moto kupita mwenzake chahitaji kutazamwa. Kadhalika grisi ikivuja upande wa ndani wa gurudumu, sili imekufa.

Tano, inua gari kwa jeki mahali tambarare, ukiisha kuweka mawe au vigingi kwenye magurudumu mengine, na kutia nguzo imara chini ya gari. Jeki peke yake haiaminiki. Shika gurudumu juu na chini, kama mahali pa namba 12 na 6 katika uso wa saa, ulitikise. Likicheza, mwenzako na akanyage breki. Mchezo ukikoma, kosa ni la beringi. Usipokoma, tazama viungo vya usukani na vya springi. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uushike springi: beringi mbovu utaihisi ikikwaruza.

KAZI YA FUNDI

Beringi za malori zifunguliwazo huoshwa, hukaushwa, kisha hutazamwa katika mwanga. Ikiwa kuna vishimo, mikwaruzo mirefu, au rangi ya samawati iletwayo na moto, zisirudishwe. Pete ya nje na vipande vya ndani hubadilishwa pamoja, maana kipya juu ya pete ya zamani huharibika upesi. Grisi isindiliwe mpaka ipenye baina ya vipande vyote, na sili iwe mpya. Nati hukazwa gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari, na kipini cha kuizuia kiwe kipya.

Beringi za motokaa nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa; hizo hazitiwi grisi, hubadilishwa nzima. Zisigongwe kwa nyundo, bali zishindiliwe kwa mashine, maana pigo moja laweza kuanzisha kishimo kabla gari halijaondoka karakana. Tena mnunuzi adai risiti, na ajihadhari na beringi bandia.

HATARI YA KUNGOJA

Wako wasemao, “Limevuma mwezi mzima, na bado linakwenda.” Neno hili ni la hatari. Toka Misigiri kwenda Shelui barabara huteremka Sekenke kuelekea mbuga ya Wembere. Katika mteremko huo breki hufanya kazi nyingi na kupata moto. Moto hufika kwenye kitovu cha gurudumu na kulainisha grisi. Na beringi iliyolegea huliacha gurudumu liyumbe, hata breki isishike sawasawa. Basi beringi iliyostahimili tambarare ya Iguguno yaweza kushindwa pale hasa penye haja kubwa. Bei ya beringi ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kitovu na ekseli iliyokatika, wala hailinganishwi kabisa na uhai wa mtu.

Tena jambo hili si la madereva peke yao. Abiria aketiye juu ya gurudumu livumalo husikia vizuri kuliko dereva aliye mbele. Na aangalie ni upande gani, na gari lisimamapo amwambie dereva kwa adabu. Huo si ufidhuli, ni msaada. Wenyeviti wa vijiji na wazee wanapokodi lori la kuchukua watu kwenda msibani au arusini, na waulize habari za magurudumu kabla ya kuulizana bei. Walimu nao waweza kuwafundisha watoto kwa baiskeli: igeuzeni juu chini, zungusheni gurudumu la mbele, mguse nati ya ekseli kwa ncha ya kijiti, na ncha ya pili iwe karibu na sikio. Gololi zilizo kavu zitasema zenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvumo ndio ufa. Ukiusikia, simamisha gari mahali salama ukatazame.