Je, Wajua? Kijana Akisema “Sitaki” Dawa za Saratani

Je, wajua kwamba kijana wa miaka 17 wa Nyanga, Bukoba, ni mtoto mbele ya sheria hata kama ndevu zimeshamtoka? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu hivyo kila aliye chini ya miaka 18. Fomu ya ridhaa humsubiri mzazi au mlezi.

Je, wajua kwamba kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake? Kusikilizwa, lakini, siyo kukata shauri. Hakuna kifungu humo kinachomruhusu aikatae tiba kemikali na kujirudia zake nyumbani.

Na mzazi je? Kifungu cha 8 kinamtaka ampatie mtoto matibabu. Akikiuka, ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Baba wa Muleba anayemtoa mwanawe wodini ili ampeleke kwa mganga ajue hilo.

Je, wajua kwamba tangu 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi? Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, ingawa Mahakama Kuu ilikikataa kifungu hicho mwaka 2016. Yaani binti alifaa kuwa mke kabla hajafaa kusaini fomu ya hospitali! Mantiki yake mimi siioni.

Je, wajua kwamba limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayojulikana sana ukanda wetu wa Ziwa Victoria, ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ng’ambo tu ya Mutukula? Mara nyingi huanza na uvimbe wa taya. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini husikia dawa upesi. Kwa ugonjwa huu, kikao cha ukoo cha mwezi mzima chaweza kuwa hukumu ya kifo.

Je, wajua kwamba Januari 2015 Mahakama ya Juu ya Connecticut, Marekani, iliafiki binti wa miaka 17 mwenye limfoma ya Hodgkin aendelee kutibiwa, ingawa yeye na mama yake walikataa? Jimbo la Virginia, kinyume chake, tangu 2007 linamruhusu kijana wa miaka 14 na zaidi, aliyekomaa kiakili, kukataa tiba pamoja na wazazi wake.

Na wewe unayemuuguza kijana katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, mbali na nyumbani: akisema “sitaki”, muulize anakataa nini hasa. Sindano? Nywele kunyonyoka? Upweke wa Mwanza? Kichefuchefu kina dawa. Kisha mwombe daktari amweleze yeye mwenyewe, siyo wewe tu uliyeshika kalamu.