Kati ya kiwembe na king'ang'anizi, wewe umesimama wapi?



Waliokuwa wakisikiliza redio mwaka 2008 wanamkumbuka Fataki. Alikuwa baba mtu mzima wa kuigiza, mwenye maneno matamu na pesa za kuonyesha, kazi yake kuwawinda mabinti wadogo, hasa wanafunzi. Leo atatoa lifti, kesho atanunua chipsi, keshokutwa ataahidi simu. Matangazo yale yalikuwa sehemu ya mapambano dhidi ya Ukimwi, lakini yalichekesha kiasi kwamba jina la mhusika likageuka kuwa neno la kawaida. Mpaka leo ukisema "yule baba ni fataki", hakuna atakayekuuliza maana yake.

Tulicheka sana, na huenda kicheko kikatupitisha pembeni ya jambo kubwa. Fataki hakushindwa kwa sababu alitubu. Alishindwa kwa sababu palikuwa na mtu wa tatu. Mtu huyo alikuwa karibu, akasikia maneno, akaingilia, akamwonya binti. Kumbe shujaa wa kichekesho kile alikuwa jirani aliyekataa kunyamaza.

Nimemtaja Fataki kwa sababu vichekesho vya aina hiyo tunaishi navyo mitaani kwetu, na sasa havihusu wanafunzi peke yao. Chukua mfano wa jamaa tunayemwita kiwembe. Ana mwenzake Mwananyamala, ana mwingine Mbagala, na wote wawili wameahidiwa ndoa. Kwenye simu, yule wa Mbagala ameandikwa "Fundi Bomba". Simu ikilia saa tano usiku, jamaa anatoka nje akilalamika kwamba bomba limepasuka tena. Washikaji wakisimuliana kisa hicho kijiweni, wanashikana mbavu.

Upande wa pili yuko anayependa kupita kiasi. Anapiga simu mara 30 kabla ya saa nne asubuhi. Anamvizia mwenzake kituo cha daladala ajue ameshuka na nani. Akiambiwa uhusiano umekwisha, anajibu kwamba bado haujaisha mpaka yeye aseme. Anaweza kuwa mwanamke, anaweza kuwa mwanamume. Naye tunamcheka: "Amepagawa huyo, ana jini mahaba." Au tunamsifu: "Wivu ndiyo dalili ya mapenzi."

Kisha siku moja kicheko kinakatika. Tunasoma taarifa ya polisi yenye maneno tuliyoyazoea: chanzo ni wivu wa mapenzi. Msibani wanakaa watu walewale waliokuwa wakicheka, kila mmoja akisema, "Mimi nilikuwa naona."

Ndugu yangu, Biblia imeweka sura mbili jirani ambazo zinatusemea hapa. Ni 2 Samweli, sura ya 12 na ya 13.

Katika sura ya 12, mfalme Daudi ameshamchukua Bathsheba, mke wa Uria, na Uria ameshauawa vitani kwa mpango wa mfalme mwenyewe. Ikulu inajua, na watumishi waliotumwa wanajua, lakini wote kimya. Mungu anamtuma nabii Nathani. Naye anaanza na hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi anasikiliza kama mtazamaji, anapandwa na hasira, anatoa hukumu. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu wa hadithi ile ni yeye mfalme. Daudi anavunjika moyo na kutubu. Nathani ndiye mtu wa tatu aliyesema.

Geuza ukurasa. Katika sura ya 13, Amnoni mwana wa Daudi anamtamani Tamari, binti wa baba yake, mpaka anakonda. Leo tungesema amefia kwenye penzi. Ana rafiki aitwaye Yonadabu, binamu yake, mtu mwerevu sana. Yonadabu anamwona rafiki yake akikonda na kumuuliza kulikoni. Anapoambiwa, hamwonyi. Anampa mbinu: jilaze kitandani, jifanye mgonjwa, baba yako akija kukuona mwombe Tamari aje akupikie.

Tamari anakuja kwa nia njema, anaandaa mikate mbele yake. Amnoni anawatoa watu wote, anamshika kwa nguvu. Tamari anakataa, anamsihi, anamweleza aibu itakayowapata wote wawili. Hasikilizwi. Baada ya kumbaka, Amnoni anamchukia kuliko alivyokuwa amempenda. Anamwita mtumishi amtoe nje na kufunga mlango.

Hebu tazama waliomzunguka msichana huyo. Yonadabu alitoa ushauri. Mtumishi alifunga mlango kwa sababu ameagizwa. Absalomu, kaka yake, alimwambia anyamaze, maana aliyemtendea ni ndugu yake. Daudi alisikia, akakasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimchukulia Amnoni hatua yoyote. Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyemsimamia Tamari kwa wakati. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni. Nyumba iliyonyamazia dhambi ikavuna msiba.

Hapo tunaona pia kwamba kiwembe na king'ang'anizi wana ugonjwa mmoja. Daudi aliona mke wa mtu akamtaka. Amnoni aliona binti akamtaka. Mmoja wetu wa leo anakusanya watu, mwingine anamfungia mtu mmoja, lakini kwa wote wawili mwenzao amekuwa kitu cha kumiliki. Mtume Paulo alipoandika juu ya upendo katika 1 Wakorintho 13 alisema hautafuti mambo yake wenyewe. Kwa kipimo hicho, anayedanganya watu wawili na anayemvizia mmoja wote wamepungukiwa.

Lakini swali la Jumapili ya leo linawahusu wengi wetu ambao si kiwembe wala si king'ang'anizi. Sisi ni mtu wa tatu. Wewe ni Nathani au Yonadabu?

Yonadabu wa Dar es Salaam tunamfahamu. Ndiye anayeombwa, "Mke wangu akikupigia, mwambie tulikuwa pamoja mazoezi ya kwaya," naye anakubali. Ndiye shoga anayemfundisha mwenzake kufungua simu ya mume usiku na kuwatukana wanawake wasiomjua. Ndiye mama mkwe anayemwona binti wa watu amevimba jicho na kumwambia, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Hao wote ni watu wema, wanatoa sadaka na fungu la kumi. Wamefunga mlango tu, kwa sababu wameagizwa.

Kanisa lilikwisha kumwandalia mtu wa tatu nafasi yake. Katika makanisa mengi nia ya ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na inatoa nafasi ya kuweka pingamizi. Tangazo lile linasomwa ili mwenye kujua kizuizi aseme, tena mapema, kabla ya shela na keki. Sasa jiulize: inakuwaje mwanamke anatokea mlangoni siku ya harusi akiwa na mtoto mgongoni, na nusu ya wanakwaya wanamfahamu?

Hapo napo tuwe waangalifu. Si kila anayekuja kudai ni king'ang'anizi. Matunzo ya mtoto yanadaiwa, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambana mzazi kuyatoa. Mwenye dai hilo aende ustawi wa jamii akiwa ameinua kichwa, na kanisa limsindikize. Moyo wa mtu, hata hivyo, haudaiwi. Aliyesema hapana amesema. Kumfuata kazini, kumtishia au kutuma picha zake mtandaoni hakutaurudisha moyo wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa. Unayeumia kwa kuachwa, njoo ulie kanisani. Zaburi zimejaa vilio vya watu walioumizwa, na Mungu hakumfukuza hata mmoja.

Tuanzie wapi wiki hii? Walawi 19 inatuagiza tusisimame tu wakati uhai wa jirani uko hatarini, na mstari unaofuata unatutaka tumwonye jirani wazi pasipo kumchukia. Basi mwite rafiki yako mwenye "Fundi Bomba" wawili, mkae faragha kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18, umwambie ukweli: mimi sitadanganya tena kwa ajili yako. Umbea wa kijiweni hauhesabiki kuwa onyo. Ukimwona anayefuatwa na kutishiwa, usimpeleke peke yake kupatanishwa na anayemtisha. Nenda naye kwa mchungaji, na nenda naye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na aliyeumizwa akikusimulia, usimwambie anyamaze. Tamari aliambiwa hivyo, na Maandiko yanasema alikaa nyumbani kwa kaka yake akiwa ameharibikiwa na maisha.

Nathani alihatarisha shingo yake mbele ya mfalme. Sisi mara nyingi tunachohatarisha ni urafiki, au mwaliko wa harusi. Ni gharama ndogo ukilinganisha na jeneza.

Ee Bwana, tupe macho ya kuona kinachotendeka karibu nasi, na kinywa cha kusema kabla mlango haujafungwa. Amina.

Jumapili njema.