Bukari na Ugonjwa wa Sukari

Kwetu mtu aweza kula samaki na mboga mpaka ashibe, lakini bukari usipofika mezani atasema hajala. Basi fikirini huzuni ya baba wa jamaa arudiye toka hospitali, ameambiwa ana ugonjwa wa sukari, naye apunguze bukari. Hukasirika: «Mimi sitii hata sukari katika chai!»

Wasomaji wapenzi, sukari haitoki katika chai peke yake. Unga wa mahindi, muhogo, mchele, viazi, ndizi na mkate vina wanga, nao tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kwa mtu mzima wa afya, insulini itokayo katika kongosho huifungulia sukari hiyo njia ya kuingia mwilini. Mgonjwa hana insulini ya kutosha, au mwili wake hauitii vema. Sukari hubaki katika damu, na polepole huharibu macho, figo na miguu.

Wako wanaosifu muhogo kuwa dawa ya ugonjwa huu. Wanawapoteza wenzao. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga gramu 75 hivi. Za unga wa muhogo zapita 80.

Jambo lenyewe si geni. Paris ilipozingirwa na majeshi ya Wajerumani mwaka 1870, mganga Bouchardat aliona kwamba njaa ile iliwapunguzia wagonjwa wake sukari katika mkojo. Lakini kabla ya insulini kuvumbuliwa huko Toronto mwaka 1921, watoto wenye ugonjwa huu walinyimwa chakula mpaka wakabaki mifupa, kisha wakafa. Kwa hiyo kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini asiiache hata siku moja, ale wanga au asile.

Mama wa nyumba afanyeje? Asimpikie mgonjwa chungu cha peke yake, kama mtu aliyetengwa. Nusu ya sahani iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele, kabichi, bilinganya. Kisha ndagala, sambaza, yai au kuku. Bukari uwe kipande kidogo, si mlima. Maharagi yana wanga pia, ila hugeuka sukari polepole. Yafaa kwa kiasi. Mafuta ya mawese hayana sukari, lakini yapimwe kwa kijiko, kwa maana hunenepesha. Limonadi iachwe kabisa: chupa ndogo yaweza kuwa na sukari gramu 35, yaani vijiko vidogo saba au zaidi. Kasiksi nayo ni hasara kwa mgonjwa, hata kama majirani watamcheka.

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Mwenye kupiga sindano ya insulini, au kumeza vidonge kama glibenklamidi, akipunguza wanga bila dawa kupimwa upya, sukari yaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema ovyo, hata kuzimia. Akiwa bado aweza kumeza, apewe mara moja maji ya sukari; akizimia, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali upesi. Basi amwone mganga kwanza, kabla ya kubadili chakula. Vivyo hivyo mama mwenye mimba, na mgonjwa wa figo.

Tena akialikwa karamu ya ndoa, mwenyeji asimsukumie kipande cha pili cha bukari kwa heshima, amwongezee samaki.