Je, Wajua? Kutembea Saanane, pori lililomo jijini Mwanza

JE, WAJUA kwamba Tanzania ina hifadhi ya taifa iliyomo ndani ya jiji? Ni Kisiwa cha Saanane, kilomita mbili hivi kutoka katikati ya Mwanza. Unapanda boti Capri Point, na kabla ya dakika kumi umeshashuka kwenye miamba, kelele za bodaboda umeziacha ng'ambo.

JE, WAJUA kwamba ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini? Ina kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Hifadhi ya Nyerere, iliyo kubwa kuliko zote, ina 30,893. Saanane zaidi ya 14,000 zingeenea humo. Lakini udogo huo una neema yake: hapa utalii ni wa miguu. Njia inafuata ufuo, inapanda mwamba kidogo, inashuka, na mtoto wa shule ya msingi anaimudu bila kulalamika.

JE, WAJUA kwamba Saanane lilikuwa jina la mtu? Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani humo. Mwaka 1964 serikali ilianzisha hapo bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 1991 pakawa pori la akiba, na mwaka 2013 pakapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Jina la mzee halikubadilishwa, na ni vizuri.

JE, WAJUA kwamba mawe unayoyakanyaga yana umri wa takribani miaka bilioni 2.5, ilhali Ziwa Victoria lenyewe lina miaka 400,000 hivi tu? Watu wengi hudhani yale mawe yanayobebana kila kona ya Mwanza yaliporomoka kutoka mahali fulani. Hapana. Graniti hiyo ilipoa na kugumu chini kabisa ya ardhi, ikapasuka kwa nyufa za wima na za mlalo. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakazila kingo na pembe za kila pande, karne baada ya karne. Udongo laini uliokuwa katikati ukasombwa, na mapande magumu yaliyobaki yakakaa moja juu ya jingine, pale pale yalipozaliwa. Ukiwa njiani, simama mahali mawe mawili yanapogusana uangalie: mara nyingi utaona ufa wa zamani ulipopita.

JE, WAJUA kwamba pimbi, yule mnyama mdogo mnene anayeota jua juu ya mwamba, ni wa ukoo wa karibu na tembo? Ndugu yao mwingine ni nguva wa Bahari ya Hindi. Ukipata bahati ya kumwona akipiga mwayo, tazama meno yake ya mbele ya juu: yanachongoka kama vipembe vidogo na hayaachi kukua. Nyayo zake nazo ni za ajabu. Zina nyama laini inayotoa unyevu, na kwa huo hunata kwenye jiwe lililosimama wima ambapo wewe na viatu vyako ungeteleza. Mwili wake hauwezi kudhibiti joto vizuri, ndiyo maana asubuhi familia nzima hujibanza pamoja juani kabla ya kwenda kula. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya miezi saba, muda mrefu mno kwa mnyama wa kimo hicho. Kwangu mimi, mwenyeji mkuu wa kisiwa ni huyu, si pundamilia.

JE, WAJUA kwamba Mwanza ina mjusi wake? Kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, na jina hilo alipewa mwaka 1923. Dume lina kichwa na mabega mekundu, wakati mwingine ya zambarau, na mwili wa buluu iliyokoza. Mitandaoni wamembatiza Spider-Man. Jike ni la kahawia. Utaliona dume limejiinua kwa miguu ya mbele juu ya jiwe refu, likitikisa kichwa juu na chini kuwaonya madume wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Baridi ikiingia, rangi zile hufifia, kwa hiyo anayetaka picha nzuri asubiri jua lipande.

JE, WAJUA kwamba kenge jike hutoboa kichuguu na kutaga humo? Mchwa huziba tundu wenyewe, na mayai yanabaki ndani kwenye joto na unyevu, salama kuliko kiota chochote.

JE, WAJUA kwamba fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, hujenga kiota kinachoweza kupita mita moja na nusu kwa upana?

JE, WAJUA kwamba ziwa unalolitazama liliwahi kukauka? Yapata miaka 15,000 iliyopita hapakuwa na ziwa. Lilipojaa tena, furu wachache wakazaana na kugawanyika hata kufikia spishi 500 hivi: wala konokono, wala mwani, wala samaki wenzao. Wanasayansi hawajaona wanyama wenye uti wa mgongo waliogawanyika kwa kasi hiyo kwingineko. Majike wengi hutunza mayai yao kinywani. Kisha, katika miaka ya 1950, sangara akaanza kupandikizwa ziwani, samaki anayeweza kufika kilo 200, na inakadiriwa spishi 200 za furu zikatoweka. Sangara ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni, hilo hatulikatai. Lakini hasara ile hairudishiki, na inauma.

JE, WAJUA kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, takribani asilimia 80, ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja? Mengi yake hurudi angani kama mvuke. Yanayobaki ndiyo huanza safari ya Nile. Ndiyo maana mvua kubwa za mwaka wa uhuru, 1961, na zilizofuata zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili.

JE, WAJUA kwamba mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili kwa mara ya kwanza akiwa upande huu wa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858? Alikuwa ametoka Tabora, na pembeni yake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India akarudi. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha Uingereza kilimtunuku Bombay medali ya fedha. Wenyeji, bila shaka, walilijua ziwa lao siku zote.

JE, WAJUA kwamba Kisumu nako kuna matembezi ya namna hii? Kisumu Impala Sanctuary, kando ya ziwa hilo hilo, ilianzishwa mwaka 1992 kuwanusuru swala pala waliokuwa wamebaki mjini.

JE, WAJUA kwamba vijidudu vya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache tu? Hutoka kwa konokono wa majini, penye kina kifupi na majani. Kwa hiyo hata joto likikuzidi, usivue viatu ukatia miguu ziwani.

Beba maji ya kunywa, kofia, na viatu vinavyoshika mwamba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, basi chakula kiende kwenye kikapu na mabaki yarudi nacho. Tumbili usimpe hata ganda la ndizi, maana akizoea mkono wa mtu ataanza kunyang'anya watoto. Na walimu wa Nyamagana na Ilemela, tunawaomba: Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na boti ni ya dakika chache. Wapelekeni wanafunzi Saanane muhula huu.